Vidonge vya iodini na vinywaji vyenye bakteria hai: mambo ya kujua ukiwa Rubavu

Kwa ufupi

- Kidonge cha iodini cha kipimo cha kawaida na maziwa ya mgando (ikivuguto, mashanza, mtindi) havigombani. Unaweza kuvitumia siku moja, hata saa moja.
- Vidonge vinavyogombana na maziwa ni vya aina nyingine: vya madini ya chuma, dawa ya tezi iitwayo levothyroxine, na baadhi ya antibiotiki. Hivi meza kwa maji.
- Watu wengi wanaopika kwa chumvi yenye iodini hawahitaji kidonge. Wajawazito na wanaonyonyesha waulize kwanza kituo cha afya.
- Iodini ikizidi inadhuru. Mwenye rovu la siku nyingi asianze kutumia iodini bila kupimwa.
- Usinywe kamwe iodini ya kusafishia vidonda.

Pengine umevuka mpaka kutoka Goma na unasubiri Nkamira kupelekwa kambini. Pengine unapanga chumba Gisenyi mjini na kununua chakula chako sokoni. Popote ulipo, umewahi kusikia ushauri wa aina hii: mjamzito anywe iodini ili mtoto awe na akili, mwenye tumbo baya anywe ikivuguto kila asubuhi, mwenye shingo iliyovimba atumie vyote viwili. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umechanganyika na makosa yanayoweza kumwumiza mtu. Makala haya yanatenganisha mambo hayo. Hayachukui nafasi ya muganga. Yanakusaidia kujua la kumwuliza.

Iodini ni nini?

Iodini, ambayo Tanzania wengi huiita madini joto, ni madini ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza. Tunayapata katika chakula. Kazi yake kubwa ni moja: tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini kidogo ya koromeo, huitumia kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili. Homoni hizo zinahusika na joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto, na zaidi ya yote ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni na katika miaka yake ya kwanza.

Iodini ikipungua, tezi hufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kunasa kidogo kilichopo, na kwa kufanya hivyo huvimba. Uvimbe huo ndio rovu, au goita. Rovu linaonekana, kwa hiyo watu hulizungumzia. Madhara makubwa zaidi hayaonekani kwa macho: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au mtoto kukua akiwa mzito wa kujifunza. Upungufu wa iodini ni miongoni mwa sababu kuu duniani za ulemavu wa akili unaoweza kuzuiwa.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa siku:

- mtoto chini ya miaka 6: mikrogramu 90
- mtoto wa miaka 6 hadi 12: mikrogramu 120
- kijana na mtu mzima: mikrogramu 150
- mjamzito na anayenyonyesha: mikrogramu 250

Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukijumlisha iodini yote ambayo mtu mzima huihitaji kwa miaka sabini, haijazi kijiko cha chai. Lakini haiwezi kuliwa mara moja ikaisha. Inatakiwa kidogo kidogo, kila siku.

Kwa nini jambo hili linawagusa watu wa Ziwa Kivu

Bahari ndiyo ghala la iodini. Kadiri unavyokwenda mbali na bahari na kupanda milimani, ambako mvua za karne nyingi zimeosha udongo, ndivyo iodini inavyopungua katika mimea, katika maziwa ya ng'ombe na katika maji. Milima inayozunguka Ziwa Kivu iko katika hali hiyo.

Mfano uliosomwa na waganga duniani kote uko karibu na hapa: kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1960 na 1970, watafiti wa Ubelgiji na wenzao waliokuwa na kituo Lwiro walikuta rovu kwa wingi mno kisiwani humo, pamoja na watoto wenye ulemavu mzito uliotokana na upungufu wa iodini. Jambo moja liliwashangaza. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilikuwa jingi kaskazini na chache sana kusini-magharibi. Kwa nini?

Jibu lilipatikana jikoni, kwenye mihogo. Muhogo una kemikali inayotoa sianidi. Mwili hujilinda kwa kuibadilisha sianidi hiyo kuwa kitu kiitwacho thiosianati, na thiosianati hushindana na iodini kwenye mlango wa tezi. Mtu mwenye iodini ya kutosha hasumbuki sana. Mwenye iodini kidogo, na chakula chake cha kila siku ni muhogo usioandaliwa vizuri, hupoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Samaki wa ziwani hawazibi pengo hilo. Sambaza wa Kivu ni chakula kizuri chenye protini na kalsiamu, lakini samaki wa maji baridi hawana iodini nyingi kama wa baharini. Thomson wanaouzwa wamegandishwa, kwa kuwa ni samaki wa bahari, wana iodini zaidi. Hata hivyo si wengi wanaoweza kuwanunua kila siku.

Vinywaji vyenye bakteria hai ni vipi?

Kitaalamu huitwa probiotiki: vyakula au dawa zenye vijidudu hai ambavyo, vikiliwa kwa kiasi cha kutosha, vinamfaa mwenye kuvila. Dukani utaona chupa ndogo na vidonge vya bei kubwa. Lakini eneo letu lina vinywaji vya kuchachuka tangu zamani: ikivuguto cha Rwanda, mashanza ya Kivu, maziwa lala ya Kenya, mtindi wa Tanzania, na vinywaji vya mtama kama ubushera na togwa.

Kwa lugha ya kitaalamu, si kila kinywaji kilichochachuka ni probiotiki, kwa kuwa si kila bakteria aliyemo amepimwa na kuthibitishwa. Kuna sehemu walikopima. Mwanza, Tanzania, mwaka 2004 kikundi cha akina mama kiitwacho Tukwamuane kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, wakiwalenga hasa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Faida zinazojulikana ni za kawaida, wala si miujiza. Maziwa yaliyochachuka huvumilika vizuri zaidi kwa mtu ambaye maziwa mabichi humjaza gesi tumboni, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Baadhi ya bakteria hao hupunguza uwezekano wa kuharisha mtu anapotumia antibiotiki. Na maziwa yenyewe ni chakula.

Hakuna kinywaji cha aina hii kilichothibitishwa kuponya rovu. Ikivuguto huwa na iodini kiasi, lakini kiasi hicho hutegemea ng'ombe alikula nini, na ng'ombe anayelishwa katika udongo usio na iodini hutoa maziwa yenye iodini kidogo. Kunywa kwa afya yako, lakini usikifanye chanzo chako cha iodini.

Jambo lingine: pombe si probiotiki. Kasiksi, urwagwa na ikigage zimechachuka pia, lakini pombe humdhuru mtoto aliye tumboni, hata kama anayeuza atakuambia ina nguvu.

Je, iodini haiwaui bakteria hao?

Swali hili ni la haki. Tunajua iodini hutumika kuua vijidudu kwenye vidonda na hata kwenye maji. Itashindwaje kuua bakteria wa ikivuguto?

Jibu ni kwamba iodini ina sura zaidi ya moja. Ile inayoua vijidudu ni iodini huru, ya rangi ya kahawia, iliyo katika dawa za vidonda na katika matone ya kutibu maji. Ile iliyo katika chumvi na katika vidonge vya lishe imeungana na madini mengine, kama vile potasiamu, na haina nguvu hiyo ya kuua. Kipimo chake pia ni kidogo sana. Ukimeza kidonge cha mikrogramu 150, iodini yake hunyonywa haraka tumboni na katika utumbo mwembamba, kisha huingia kwenye damu. Bakteria wa maziwa hawaizuii, nayo haiwadhuru. Kwa hiyo huna haja ya kuvitenganisha kwa saa.

Angalia hata hivyo mambo mawili:

1. Maji yaliyotiwa dawa. Ukitengeneza togwa au kinywaji kingine cha kuchachusha kwa maji yenye klorini nyingi au matone ya iodini, bakteria wanaweza kudhoofika na kinywaji kikakataa kuchachuka. Usiache kutibu maji kwa sababu hiyo. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha yatumie.
2. Moto. Kinywaji kikichemshwa baada ya kuchachuka, bakteria hufa. Lishe inabaki, ila hakina tena bakteria hai.

Mahali ambapo maziwa huleta shida kweli

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huiogopa iodini na kusahau vidonge vingine.

*Vidonge vya wajawazito.* Vidonge vya kawaida vya chuma na asidi ya foliki havina iodini kabisa. Viko vidonge vingine vyenye virutubisho vingi kwa pamoja; vile vilivyotengenezwa kwa fomula ya Umoja wa Mataifa vina virutubisho 15, miongoni mwao miligramu 30 za chuma na mikrogramu 150 za iodini. Aina zote mbili zina chuma, na kalsiamu iliyo katika maziwa hupunguza chuma kinachoingia mwilini. Kwa hiyo meza kidonge kwa maji, na ikivuguto kinywe saa 2 kabla au saa 2 baadaye. Kikikusumbua tumbo, kimeze pamoja na chakula kisicho na maziwa, au kabla ya kulala. Usiache kukitumia bila kumwambia muuguzi.

*Levothyroxine.* Hii ni dawa ya mtu ambaye tezi yake haitoi homoni za kutosha. Humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Maziwa ya aina yoyote, yawe yamechachuka au la, yasubiri. Vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Wala usijiongezee iodini ukidhani utaisaidia dawa.

*Antibiotiki.* Doxycycline na ciprofloxacin hushikwa na kalsiamu ya maziwa, na nguvu yake hupungua. Acha saa 2 au zaidi kati ya dawa na ikivuguto, isipokuwa muganga amekuambia vingine.

*Dawa nyingine zinazohusiana na iodini.* Mwambie muganga kabla ya kutumia vidonge vya iodini ikiwa unatumia dawa ya kupunguza kasi ya tezi, amiodarone ya moyo (ambayo yenyewe ina iodini nyingi), lithiamu, au dawa za shinikizo la damu zinazozuia potasiamu kutoka mwilini.

Iodini ikizidi

Kilicho kizuri kwa mikrogramu kinaweza kuwa sumu kwa miligramu. Kivu inayo historia ya jambo hili pia. Mwaka 1996 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha taarifa ya watu wa Kivu, wakati huo Zaire, ambao tezi zao zilianza kutoa homoni kupita kiasi baada ya kupata chumvi yenye iodini. Sababu yake inaeleweka. Tezi iliyokaa na njaa ya iodini kwa miaka mingi huota vinundu vinavyofanya kazi bila kutii amri ya mwili. Siku iodini inapokuja kwa wingi, vinundu hivyo huitumia yote. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hutoka jasho na kukonda huku anakula. Kwa mzee au mgonjwa wa moyo, hali hiyo inaweza kuua.

Kambini pia yametokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia mikojo ya wakimbizi waliokaa muda mrefu katika kambi sita za Afrika. Katika kambi tano, iodini ilikuwa imezidi kiwango kinachokubalika. Watu wengi walikuwa wamedhani kwamba mkimbizi siku zote ni mtu wa kupungukiwa.

Hii haina maana kwamba chumvi yenye iodini ni mbaya. Faida yake kwa jamii ni kubwa kuliko hatari hiyo, na hupaswi kuiacha. Maana yake ni kwamba usiongeze juu yake bila sababu. Linganisha mwenyewe:

- Mahitaji ya mtu mzima kwa siku: mikrogramu 150.
- Tone moja la dawa ya Lugol ya asilimia 5: takriban mikrogramu 6,000, yaani mahitaji ya siku 40.
- Kidonge cha potasiamu ayodaidi cha miligramu 130, kilichotengenezwa kwa ajili ya ajali za nyuklia: zaidi ya mara 600 ya mahitaji ya siku.

Lugol hutumiwa hospitalini kwa sababu maalumu, kwa siku chache, chini ya uangalizi. Ujumbe wa simu unaokuambia utie matone kadhaa kwenye glasi ya ikivuguto kila asubuhi, usiufuate na usiwatumie wengine. Vidonge vya mwani wa baharini navyo vina kiasi kinachobadilika sana kati ya kopo na kopo. Na ile iodini ya vidonda, hata ikichanganywa na maziwa, ni ya kupaka tu.

Kabla ya kununua kidonge, angalia chumvi

Chumvi yenye iodini ndiyo njia rahisi na salama kuliko zote. Uswisi na Marekani zilianza kuitumia katika miaka ya 1920, na leo inatumika karibu kote duniani. Nchini Rwanda, kaya nyingi sana zinaipata. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo hukupa mikrogramu 150 ukila gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Gramu 5 kwa siku ndicho pia kiwango ambacho mtu mzima hatakiwi kukizidi, kwa ajili ya shinikizo la damu. Hivyo usiongeze chumvi ili upate iodini zaidi. Kula chumvi kidogo, lakini iwe ile yenye iodini.

Katika kambi nyingi za Rwanda msaada wa chakula hutolewa kama fedha. Hilo linamaanisha kwamba chumvi unaichagua wewe mwenyewe, sokoni. Unaponunua:

- Chagua iliyo ndani ya pakiti iliyofungwa. Tafuta neno linaloanza na herufi «iod» au «iyod». Lugha nyingi za hapa huliandika karibu sawa.
- Jihadhari na chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi. Inaweza kuwa haina iodini, au iodini yake imekwisha potea.
- Nyumbani, itie kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Usiiweke juu ya mbabula.
- Itie chakula kikikaribia kuiva, si mwanzo wa kupika.

Ukiwa na shaka, uliza kituo cha afya kama wana kipimo cha matone. Tone moja likibadilisha chumvi kuwa na rangi ya buluu au zambarau, iodini imo.

Ukila mihogo na sombe

Hapa kuchachusha kunaisaidia tezi kuliko kinywaji chochote. Mizizi ya muhogo ikilowekwa siku 3 hadi 5 mpaka ilainike, kisha ikamenywa na kukaushwa vizuri, sehemu kubwa ya sianidi hutoka. Wakati wa njaa au safari watu hufupisha siku hizo. Usizifupishe, hasa kwa muhogo mchungu.

Ukinunua unga na hujui uliandaliwaje, kuna njia nyepesi. Uchanganye na maji uwe mzito, utandaze kwenye sinia au turubai safi kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hupotea hewani. Kisha upike bugali siku hiyohiyo.

Sombe itwange vizuri na uichemshe kwa muda mrefu, mfuniko ukiwa wazi. Kabichi, yaani shu, ikipikwa na kuliwa kwa kiasi haina tatizo kwa mtu anayepata iodini. Usiache mboga kwa sababu ya hofu.

Ikivuguto salama cha nyumbani

Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, na kuchachuka peke yake hakuviui vyote. Kwa hiyo:

1. Chemsha maziwa mpaka yafure, kisha yaache yapoe hadi yawe vuguvugu.
2. Tia vijiko viwili au vitatu vya ikivuguto kizuri, kipya, kutoka pakiti au kutoka kwa mtu unayemwamini.
3. Funika kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Kiache usiku mzima au siku nzima. Baridi ya Gisenyi inaweza kukichelewesha.
4. Kikiota ukungu, kikibadilika rangi au kikitoa harufu ya kuoza, kimwage.

Maziwa yanayouzwa kwenye madumu njiani, uliza kama yamechemshwa. Asiyejua kukujibu, usinunue kwake.

Nani awe mwangalifu zaidi

*Mjamzito na anayenyonyesha.* Wewe ndiye mwenye mahitaji makubwa kuliko wote. Kliniki ya wajawazito itakuambia kama kidonge unachopewa kina iodini. Kama kinayo, usinunue kingine. Na ikiwa una rovu, sema mapema: kwa ajili yako na ya mtoto, tezi inatakiwa kupimwa.

*Mtoto mchanga.* Kwa miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Iodini yake anaipata kwako. Usimpe ikivuguto wala matone ya iodini. Baada ya miezi 6, uji wenye virutubisho, kama Shisha Kibondo kwa familia zinazostahili, huongezea. Maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya kunyonya kabla ya mwaka mmoja.

*Mwenye kinga dhaifu sana.* Mtu aliye mahututi, anayetibiwa saratani, au ambaye kinga yake imeshuka mno amwulize muganga kabla ya kutumia vidonge au vinywaji vya bakteria hai. Mtu anayeishi na VVU, anayetumia dawa zake na hali yake ni nzuri, kwa kawaida anaweza kunywa maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa.

*Mwenye rovu la miaka mingi, hasa aliye zaidi ya miaka 40.* Usianze vidonge vya iodini bila kupimwa. Chumvi ya kawaida ya nyumbani endelea nayo, mpaka muganga akushauri vingine.

Lini uende kituo cha afya

Nenda siku za karibuni ukiona:

- uvimbe mpya shingoni, au uvimbe wa zamani unaokua
- uchovu usioisha, kuhisi baridi kupita wenzako, kufunga choo, ngozi kavu
- mtoto anayechelewa kukaa, kutembea au kusema

Nenda leo hii ukiwa na:

- moyo unaokwenda mbio, kutetemeka, jasho na kukonda bila sababu
- shida ya kumeza au kupumua kwa sababu ya uvimbe
- kuharisha kwa siku kadhaa, au homa baada ya kunywa maziwa

Kwa dharura, nambari ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912. Nkamira, anza na zahanati iliyo ndani ya kituo. Mjini, anza na kituo cha afya kilicho karibu, au mwone mjumbe wa afya wa mtaa, umujyanama w'ubuzima. Kesi zinazohitaji vipimo vya tezi hupewa barua ya kwenda hospitali.

Unapokwenda, chukua makopo na pakiti za kila unachomeza, hata kile ulichonunua sokoni au ulichopewa na jirani. Ukiona haya kusema ulikunywa Lugol, sema hivyo hivyo. Muuguzi hataweza kukusaidia kwa jambo asilolijua. Na ikiwa jina lako limo kwenye orodha ya kuhamishwa kwenda Mahama au kambi nyingine, omba karatasi zako za matibabu kabla ya siku ya safari. Mjamzito aliyeanza vidonge Rubavu anatakiwa aviendeleze huko aendako, bila kuanza upya na bila kumeza mara mbili.